Mrithi wa miaka ya 1790 hana ubatizo: nimtafute wapi?

Mpekuzi
Wakuu, salaam. Kuna ukoo mmoja wa kaunti ya Shropshire, Uingereza, unanisumbua. Si malodi. Ni mabwana ardhi wa kawaida: nyumba moja kubwa, mashamba waliyokodisha wakulima, na makaburi yao ndani ya kanisa la parokia. Kutoka sensa ya 1841 kurudi nyuma nilikwenda vizuri, hadi nikagota miaka ya 1790. Mwenye mali anakufa bila mtoto, na anayeshika milki ana jina lilelile la ukoo, lakini rejista ya ubatizo haimjui, wala za parokia jirani. Kitabu cha Burke, kile cha nasaba za koo za mabwana ardhi, kinamwita "mrithi" na kusonga mbele kana kwamba hakuna kilichotokea.

La pili: vizazi kadhaa nyuma, wazazi wamefunga ndoa Juni 1703, mtoto kabatizwa Februari 1703. Mtoto alitangulia ndoa?

Na Burke huyohuyo anadai walikuja na William Mshindi, yule wa Normandi aliyeiteka Uingereza mwaka 1066. Niamini?

Kitukuu
Hilo la 1703 usimsingizie bibi wa watu. Kabla ya 1752, mwaka wa Uingereza ulianza Machi 25. Februari yao ya 1703 ni Februari 1704 kwa hesabu yetu. Miezi minane baada ya harusi, basi. Iandike 1703/4 usije ukajichanganya tena.

Mzee wa Nyaraka
Ndugu Mpekuzi, huyo mrithi wako nadhani ni wa kuukeni. Mabwana hawa hawakutaka jina life. Asiye na mtoto alimwachia mpwa wake, mtoto wa dada, kwa sharti kwamba achukue jina na nembo ya ukoo, la sivyo mali iende kwa mwingine. Mpwa aliomba kibali cha mfalme, na vibali vingi vilitangazwa katika London Gazette, gazeti lililoanza 1665. Kwa hiyo alibatizwa kwa jina la baba yake, pengine kaunti nyingine kabisa. Acha kufuata jina, fuata ardhi.

Anza na wosia wa marehemu. Wosia wa watu wa kiwango chake mara nyingi ulithibitishwa katika mahakama ya mirathi ya Canterbury, na kumbukumbu zake za 1384 hadi 1858 ziko Kew, kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa. Unaweza kuzisoma mtandaoni. Usome wote. Sharti la jina huwa limezama katikati ya sentensi ndefu isiyo na nukta, baada ya farasi, vyombo vya fedha na paundi kadhaa za maskini wa parokia.

Kisha hifadhi ya nyaraka ya kaunti, pale Shrewsbury. Ulizia mkataba wa ndoa wa dada yake. Watu wengi huuruka kwa sababu ya lugha ya wanasheria, nami siwaelewi: mle utakuta baba wa bibi harusi, kaka zake, wadhamini, na shamba alilotengewa ale akibaki mjane.

Binti Kumbukumbu
La 1066 mimi siamini. Burke alianza kuchapisha nasaba za mabwana ardhi miaka ya 1830, na koo zenyewe ndizo zilizompelekea habari. Hata maafisa waliozunguka kaunti kukagua nembo za koo kati ya 1530 na 1688 waliandika mengi kwa kauli ya mwenye nyumba. Babu na baba yake aliwajua. Wa enzi za William alisimuliwa tu. Ukitaka kurudi zaidi, tafuta uchunguzi uliofanywa alipokufa mtu aliyeshika ardhi moja kwa moja kutoka kwa mfalme. Uchunguzi huo hutaja ardhi, mrithi na umri wa mrithi. Jiandae na Kilatini.

Mpekuzi
Mzee, shikamoo! Wosia nimeupata na sharti limo: mwana wa dada, abadili jina ndani ya mwaka mmoja. Baba yake anatajwa kuwa kasisi huko Herefordshire, ila rejista ya parokia ile ina kurasa zilizooza kwa unyevu. Kuna aliyewahi kutumia nakala ambazo makasisi walimpelekea askofu wa Hereford kila mwaka? Miaka ya 1760 imesalia?