Mhusika wa kike wa Pwani achorweje ili apendeze?

Mchoraji wa Kisauni aliuliza:

Salamu aleikum, ndugu zangu. Sisi ni vijana watatu tunaotengeneza gemu ya mapigano ambayo matukio yake yote yamo Mombasa, kuanzia vichochoro vya Mji wa Kale hadi kivukoni Likoni. Mimi ndiye mchoraji. Wahusika wanne wa kiume wamekwisha, lakini mhusika wa kike, tuliyempa jina la Mwanaisha, nimemchora na kumfuta mara sita, kwa sababu kila nikimaliza tunagombana juu ya mwili wake na mavazi yake. Mwenzangu mmoja anataka kiuno cha nyigu, kifua kikubwa na mapaja wazi, akisema kwamba ndivyo gemu zinavyouzwa duniani. Wa pili anataka afunikwe gubigubi ili wazee wasitulaumu. Mimi siridhiki na rai yoyote kati ya hizo mbili, ila sijapata hoja ya kuwaambia.

Jumamosi iliyopita nilimchukua mpwa wangu wa kike, mwenye umri wa miaka 13, hadi kibanda cha gemu cha mtaani kwetu nikamwonyesha Elena wa Street Fighter. Elena alianza kuonekana mwaka 1997, na Wajapani wa Capcom waliomtunga wanamtaja kuwa Mkenya. Ana miguu mirefu mno, nywele nyeupe, vipande viwili vidogo vya nguo nyeupe, na pete za rangi shingoni, mikononi na miguuni. Anapigana kwa capoeira, ambayo ni sanaa ya Brazili. Mpwa wangu alimtazama kwa muda, akaiweka padi chini, akaniuliza, "Mjomba, huyu ni Mkenya wa wapi?" Nilikosa jibu.

Naomba basi mnisaidie: uzuri wa mhusika huamuliwa na jicho la nani, na sisi wa Pwani tuchore kwa jicho lipi?

Mwalimu wa Tudor alijibu:

Wa aleikum salamu, kaka. Anayesema kwamba gemu za dunia nzima zina sura moja hajawatazama wanaume waliomo. Mweke Marcus Fenix wa Gears of War, gemu ya Kimarekani ya mwaka 2006, kando ya Cloud Strife wa Final Fantasy VII, ya Kijapani ya mwaka 1997. Wa kwanza shingo yake ni gogo na uso wake una kovu. Wa pili ni mwembamba mwenye macho makubwa, na katika sehemu moja ya hadithi anavalishwa gauni ili aweze kupenya nyumbani mwa mtu mwovu, wala ushujaa wake haupungui. Wajapani hawakulianza jambo hilo kwenye kompyuta. Wanawake walipopigwa marufuku jukwaani mwa kabuki, maigizo ya jadi ya Kijapani, mwaka 1629, nafasi zao zilikuja kushikwa na wanaume, nao wakasifiwa kwa urembo. Na tangu mwaka 1914 jukwaa la Takarazuka limekuwa la wanawake watupu, ambapo wanaoigiza wanaume hupendwa mno, hasa na watazamaji wa kike. Mchoraji aliyekulia katika mazoea hayo haoni taabu kumpa shujaa kope ndefu.

Hata hivyo, pana jambo linaloniuma kila ninapoirudia gemu hiyo. Cloud amepewa uzuri mwororo, lakini Barret, ambaye ni mweusi, amepewa misuli ya kutisha na bunduki mahali pa mkono. Sisi tuna Fumo Liyongo, ambaye washairi wetu walimsifu kwa nguvu na kwa haiba pamoja, kwa hiyo hatuna sababu ya kuamini kwamba vitu hivyo viwili haviwezi kukaa katika mwili mmoja mweusi.

Kwa upande wa wanawake, tazama Samus wa Metroid, ya mwaka 1986. Mchezaji hudhani kwamba ndani ya vazi lile la chuma mna mwanamume, na akimaliza kwa kasi hugundua kuwa ni mwanamke. Lakini kadiri anavyomaliza mapema ndivyo nguo za Samus zinavyopungua, hadi aliyetumia chini ya saa 1 anamwona katika vazi la kuogelea. Shujaa wa kike alitukuzwa, kisha mwili wake ukafanywa zawadi ya aliye hodari wa kubonyeza vitufe.

Nahodha wa Likoni alijibu:

Naomba nipinge kidogo, Mwalimu, kwa heshima zote. Mazungumzo haya mara nyingi huishia kumlaumu kila anayechora mwili wa kuvutia, nami sioni kosa katika kuvutia. Bayonetta wa mwaka 2009, ambaye wengi walimlalamikia kwa mavazi yake, alichorwa na mwanamke, Mari Shimazaki. Wanawake nao wana macho: mwaka 1994 kampuni ya Koei ilitoa Angelique, gemu ya mapenzi iliyotengenezwa na kundi la wanawake kwa ajili ya wasichana, na mwaka 2024 Wachina walitoa Love and Deepspace, ambamo wanaume ndio wanaopambwa ili watazamwe.

Ninalolikataa ni dai kwamba mwili wa aina moja ndio wa kweli. Abby wa The Last of Us Part II, ya mwaka 2020, alipewa mabega na mikono ya mwanamichezo, na wachezaji wengi walisema kwamba hakuna mwanamke wa namna hiyo, ilhali mwili wake ulitokana na mwanamke aliye hai. Eve wa Stellar Blade, gemu ya Kikorea ya mwaka 2024, alisemwa kwa kinyume chake, kwamba umbo lile halipo duniani, na yeye pia alitokana na mwanamitindo aliye hai. Wote wawili wapo. Lililopungua ni kuzoea kwetu. Aloy wa Horizon, aliyetengenezwa na studio ya Guerrilla ya Amsterdam, alilaumiwa kwa sababu picha zilimwonyesha na vinywele vidogo shavuni. Kwa Kiswahili vinywele hivyo tunaviita malaika, na sijapata kumsikia mtu akiviita aibu.

Na huyo mwenzako anayetaja soko, mkumbushe Lara Croft wa Tomb Raider, aliyezaliwa Derby, Uingereza, mwaka 1996, akiwa na kaptura na kifua kilichozungumzwa kila mahali. Mwaka 2013 alichorwa upya akiwa na suruali, matope na majeraha, na gemu ikauzwa kwa mamilioni.

Mama Leso wa Bondeni alijibu:

Wanangu, mimi gemu naziona kwa wajukuu tu, lakini kwa miaka 30 nimeuza leso na kuwapamba maharusi, na naona mnabishana juu ya kufunua na kufunika kana kwamba uzuri wa mwanamke uko katika moja ya hayo mawili. Mwana Kupona alipomuusia binti yake mwaka 1858, alimtaka ajipambe na ajitie manukato, na maneno hayo yalitoka kwa mwanamke mcha Mungu. Mwanamke wa hapa aliyevaa buibui la kamba alijulikana kwa mwendo wake kabla hajafika, na kwa harufu ya kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, baada ya kupita. Ukimchora Mwanaisha, anza na wanja, hina ya vidoleni, mwanya, na namna anavyokanyaga chini.

Kuhusu kupigana, hapo ndipo ninaposhangaa kwamba hakuna aliyetaja kibwebwe. Mwanamke wa Pwani akitaka kufanya kazi ngumu, kucheza ngoma au kugombana, huitoa leso mabegani, huikunja kwa upana wa kiganja, huizungusha kiunoni, huivuta kwa nguvu mpaka pumzi inasimama, kisha huichomeka ncha. Aliyemwona mama yake akifanya hivyo anajua kwamba mambo yameanza. Kila leso ina pindo, mji na jina lake, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu yake, basi akishinda na aifungue, jina lisomeke.

Fundi wa Mwembe Tayari alijibu:

Mama, umetatua na shida ya ufundi. Nguo zinazobana zimejaa kwenye gemu kwa sababu ya tamaa, lakini pia kwa sababu nguo pana ni mzigo: kompyuta hulazimika kukokotoa kila mkunjo, na ikizidiwa, kitambaa huonekana kikipenya ndani ya goti. Katika gemu ya mapigano pana haki ya mpinzani vilevile, kwani asipouona mguu ukianza kuinuka hawezi kujikinga. Buibui lingeficha teke. Kibwebwe juu ya suruali ndefu hakifichi kitu, na ncha zake mbili ndizo pekee zitakazohitaji kukokotolewa. Hata akionekana kama kivuli tu kwa mbali, fundo lile la kiunoni litamtambulisha.

Mchoraji wa Kisauni aliandika tena:

Nawashukuru sana, na wewe Mama Leso nakupa shikamoo. Jana usiku nilimchora Mwanaisha kwa mara ya saba, akiwa katikati ya kuivuta leso, amebana meno, na mguu mmoja mbele. Mwenzangu aliyekuwa akidai afunikwe amekubali; yule wa soko bado anasitasita, ila hajaomba nimfute.

Maneno ya Mwalimu yalinirudisha kwa wale wanaume wanne niliodhani nimewamaliza. Niliwapanga pamoja kwenye kioo cha kompyuta nikaona kwamba wote wana kifua kimoja na taya moja, nilizozinakili bila kufikiri kutoka gemu nilizocheza utotoni. Mmoja wao ni mvuvi wa ngalawa, na hakuna mvuvi niliyepata kumwona mwenye mwili ule, kwa hiyo nitaanza kumchora yeye upya.

Mpwa wangu ameutazama mchoro wa Mwanaisha leo asubuhi. Aliuliza jambo moja tu, kwamba kwa nini hana mwanya kama mama yake, na hapo ndipo nilipogundua kwamba kwa kumchora amebana meno nilikuwa nimeuficha. Nimemfungua mdomo.