Uzi: Lini ulivaa unavyotaka WEWE, na nini kilikukuta? Tupeane uzoefu

SindanoButu:
Wakuu habari zenu. Leo nimefungua kabati natafuta shati, nikaanza kuhesabu nguo nilizonunua kwa sababu fulani kasema zinanipendeza, nikaacha njiani maana ni aibu. Nilizozitaka kwa moyo wangu ni mbili tu, kofia na koti la kijani kibichi. Hilo koti nililivaa siku moja, bosi akaniuliza mbele za watu kama nimepata kazi ya kuongoza magari, nikalitundika hadi leo mabega yana vumbi. Hebu semeni na nyie.

MzeeWaPindo:
Bosi kanichekesha, ila hilo koti litoe bwana.

Kifungo3:
Mi nilikuwa fundi wa kuiga. Kuna jamaa kazini alikuwa anatupia suruali pana na viatu vyeupe anaonekana mtu wa maana, nikaenda kununua vilevile mpaka soksi. Siku ya kwanza nimevaa nakutana naye kwenye lifti, na yeye kavaa hivyohivyo. Ghorofa nane hakuna aliyepumua. Anashuka ananiambia "kesho nitakuwa na ya bluu, ujipange". Tangu siku ile napanda ngazi.

LainiMoja:
😂😂😂 ujipange!!

MsemaWazi:
Mnajichosha. Kuvaa ni kusitiri mwili basi. Steve Jobs, yule mwanzilishi wa Apple, alikuwa na sweta nyeusi za shingo ndefu zinafanana zote na akafika alikofika.

BintiMkasi:
Mfano umejipiga mwenyewe mkuu. Zile sweta alitengenezewa na Issey Miyake, mbunifu mkubwa wa Japani, na zilikuwa kama mia moja. Mtu asiyejali nguo haagizi mia, anavaa iliyo juu ya kiti.

MsemaWazi:
Haya, lakini kuna mipaka. Wanawake na suruali za kiume mpaka ofisini, hiyo nayo ni kuvaa unavyotaka?

BintiMkasi:
Nilijua tu utafika huko. Paris mwaka 1800 walitoa amri mwanamke akitaka kuvaa kiume aombe kibali polisi, baadaye wakalegeza kidogo, ruksa kama umeshika usukani wa baiskeli au hatamu za farasi. Wakati Yves Saint Laurent, mbunifu wa Ufaransa, anawashonea wanawake tuxedo, ile suti ya kiume ya sherehe, mwaka 1966, ile amri bado imo kwenye makaratasi. Serikali imekuja kutamka kwamba haina nguvu mwaka 2013. Sasa we nenda na baiskeli yako.

MzeeWaPindo:
Hatamu za farasi 🤣 Rudini kwenye mada.

Kimya:
Huu uzi nausoma tangu jana sitaki kuandika, ila hilo koti la kijani limenichoma. Niliishi na mtu miaka minne. Mwanzoni ananiletea nguo mwenyewe, nikaona napendwa, nani asingefurahi, za kijivu, nyeusi, rangi ya udongo, zote za heshima. Akisema hii imekukaa navaa, akisema ile inakunenepesha navua, mpaka ikafika hata hayupo nasimama kwenye kioo najisema kwa sauti yake. Nilikuwa na gauni moja la rangi ya chungwa, dada yangu alinishonea nilipomaliza chuo, mifuko mikubwa pembeni na vifungo vya mbao mbele. Siku nalitafuta silioni, akasema labda lilipotea tulipohama. Sawa. Miezi ikapita, siku hiyo maji yamemwagika nikavuta tambara la nyuma ya mlango, nakamua nasikia kidole kimeingia kwenye tundu la kifungo. Nikaligeuza. Limepauka limekuwa kama kutu, ila mfuko umekaa vilevile, maana dada aliupiga mshono mara mbili akasema wewe huwa unabeba mawe. Nikakaa palepale kwenye maji. Na mnajua, hilo tambara nilikuwa nadekia MIMI. Kila siku nalishika, nalisuuza, naanika, na sikulitambua.

LainiMoja:
Dah.

Kifungo3:
Ukamwacha???

MsemaWazi:
Tusisikilize upande mmoja, huenda aliona limechakaa.

BintiMkasi:
Mkuu shuka kwenye uzi taratibu, usigonge mlango.

MzeeWaPindo:
Dada pole sana. Kama ni pamba lipake rangi upya, maji ya moto na chumvi, litarudi.

MkasiMkali:
Mzee usimdanganye, mi ni fundi. Uzi wa kushonea siku hizi mwingi ni polista, haunywi rangi ya pamba, kitambaa kitabadilika mishono ibaki vilevile. Na kwa ambao wananunua makoti kama mtoa mada, angalieni bega kwanza. Kiuno napunguza, mikono nafupisha, bega ukiniletea nalivunja koti lote na bado utanilaumu.

LainiMoja:
Mishono ikibaki ndo fasheni yenyewe hiyo.

Kifungo3:
Watu wanalia nyie mnaongelea bega.

Kimya:
Hapana, waache, nimecheka kidogo. Walioniuliza: ndio niliondoka, ila sio siku ile. Siku ile nilimalizia kudeki. Kitambaa kilishaoza hakipakiki rangi. Nilikata mifuko na vifungo, dada kanishonea gauni jingine la chungwa, mifuko ileile ya zamani imepauka juu ya kitambaa kipya, watu wananiuliza kama ni makusudi. Vifungo tu ndo vimepungua, vilikuwa saba nimeokoa vitano.

SindanoButu:
Subiri nikaangalie kitu kabatini.

SindanoButu:
Koti langu lina vifungo vya mbao, na viwili vya akiba vimeshonewa kwa ndani chini ya lebo. Vyako vina matundu mawili au manne?

Kimya:
Manne.