50 Cent au Lil Wayne: nani alikuwa mkubwa kati ya 2003 na 2009, na tunapima kwa kigezo gani?

Mwanzisha mada

Wakuu, habari zenu. Kuna ubishi kati yangu na kaka yangu umegoma kuisha. Yeye anasema kati ya 2003 na 2009 hakuna rapa aliyemfikia 50 Cent, na silaha yake ni mauzo. Anataja nakala 872,000 za albamu "Get Rich or Die Tryin'" wiki ya kwanza Februari 2003, anataja "In da Club" kukaa namba moja kwenye chati ya Marekani ya Billboard wiki 9, basi, kwake kesi imeisha.

Mimi nipo kwa Lil Wayne. Shida ni kwamba nikibanwa niseme kwa nini, naishia "jamaa alikuwa kila mahali", na kaka anasema hiyo si hoja. Naombeni mnisaidie: mtu anakuwa mkubwa wa zama zake kwa lipi hasa? Mauzo, mistari, tuzo, au kuna kingine? Tafadhali msinijibu "kila mtu na ladha yake". Nataka kigezo.

Jibu la 1

Kaka yako yuko sawa. Shabiki akitoa pesa yake mfukoni amepiga kura, mengine ni hisia. Wayne alipiga kelele nyingi kabla ya kuuza.

Jibu la 2

Mkuu hapo juu, mauzo yanakuingiza kwenye mjadala tu, hayakupi ushindi. Mwaka 1990 albamu ya MC Hammer ilikaa namba moja Marekani wiki 21 na ikavuka nakala milioni 10. Nitajie wachanaji wakali waliojifunza kuchana kutoka kwa Hammer. Vijana waliokuwa wanajaza madaftari mistari enzi hizo walikuwa wanamsikiliza rapa Rakim, ambaye hayo mauzo hakuyakaribia.

Tuzo nazo ziache. Februari 2004, baada ya mwaka ule aliofanya 50, Grammy ya msanii mpya bora ilikwenda kwa Evanescence, bendi ya rock. Kuna mtu anaikumbuka 2003 kama mwaka wa Evanescence?

Mwanzisha mada, kigezo changu ni hiki: usimtazame yeye, watazame wenzake. Mkubwa wa zama ni yule ambaye wenzake wote wanafanya kazi huku wakimwaza. Wanaiga sauti yake, wanaogopa tarehe yake ya kutoa albamu, wanaomba vesi yake, au wanaanzisha bifu naye ili wasikike.

Kwa kigezo hicho, kaka yako ana haki mpaka 2005. Rapa Ja Rule alikuwa anatawala redio kwa korasi za kuimba. 50 akamsema vibaya kwa kuimba huko huko, halafu yeye mwenyewe akaja na korasi za kuimba, ila kwa sauti ya mtu wa mtaani, nzito na ya kivivu. Baada ya hapo Ja Rule hakurudi tena pale alipokuwa. Rapa The Game alipoingia Januari 2005, nyimbo mbili zilizombeba, 50 yumo ndani. Eminem na Jay-Z walikuwa wazito, sibishi, lakini Jay-Z alikuwa ameshatangaza kustaafu 2003, na Eminem baada ya 2004 hakutoa albamu yake mpya ya studio mpaka 2009. Kiti kilikuwa cha 50.

Sasa njoo kwa Wayne. Miaka hiyo alifanya kitu ambacho chati haziwezi kukupimia: alichukua biti za watu akachana juu yake, akaachia bure kwenye mikstepu, yaani mikusanyiko ya nyimbo isiyo albamu rasmi. Sikiliza "Da Drought 3" ya 2007. Humo kuna biti ya rapa Mike Jones, ngoma ambayo Mike Jones alijitaja jina lake kama kawaida yake. Wayne anaanza taratibu, kama mtu anayeongea peke yake, halafu anaendelea tu, mstari unazaa mstari, hakuna korasi ya kumpumzisha. Leo ukiipiga hiyo biti mbele ya watu wa rika langu, wanaanza maneno ya Wayne. Mwenye biti kanyang'anywa ngoma yake mwenyewe! Fikiria wewe ni rapa, umelipia biti, na unajua ikitoka tu huyu jamaa anaweza kuichukua akakufunika nayo.

Halafu nyimbo zake zikavuja mtandaoni albamu ikiwa haijatoka. Kwa msanii wa kawaida huo ndio mwisho. Yeye akatoa "Tha Carter III" Juni 2008 na ikauza zaidi ya milioni moja wiki ya kwanza, kipindi ambacho watu walikuwa wameacha kununua CD. Na hapa mwambie kaka yako taratibu: kabla ya hiyo, albamu ya mwisho kufanya hivyo Marekani ilikuwa ya 50 mwenyewe, Machi 2005. Hata kwa kigezo chake, kijiti kilipokelewa na Wayne.

Jibu la 3

Mnamruka Kanye West kirahisi hivyo? Tarehe 11 Septemba 2007 albamu yake na ya 50 zilitoka siku moja. 50 alitangaza akishindwa ataacha kutoa albamu za peke yake. Wiki ya kwanza Kanye akauza nakala 957,000, 50 akabaki na 691,000. Mtu aliyemshusha bingwa hadharani mnamwachaje nje ya mjadala? Na 2008 akatoa albamu nzima ya kuimba kwa Auto-Tune, programu ya kurekebisha sauti, ambayo bila hiyo rapa Drake tunayemjua hayupo.

Jibu la 2 tena

Mkuu, hapo umenigusa, kwa sababu hiyo albamu ya 2008 naipenda kuliko kitu chochote alichofanya 50. Lakini angalia saa yake. Kanye alipanda 2008, mavuno yakaja baadaye kabisa. Ilipotoka, wachanaji wengi hawakujua waiweke wapi. Wayne mwaka ule ule alikuwa anaitwa kwenye kila kolabo, na Drake huyo unayemtaja alisaini kwenye lebo ya Wayne 2009, si ya Kanye. Septemba 2007 ilithibitisha kwamba 50 ametoka kitini. Haikumkalisha Kanye.

Mwanzisha mada

Nimemsomea kaka. Kimya kidogo, halafu kaja na swali: kama 50 alitawala mpaka 2005, na Wayne anaanza kuhesabiwa 2007, 2006 ilikuwa ya nani?

Jibu la 2 tena

Swali zuri sana hilo, mpe pongezi. Ilikuwa ya rapa T.I. Albamu yake "King" ndiyo ya rap iliyouza zaidi Marekani 2006, na ukisikiliza ngoma za mwaka ule, vinanda vikubwa vya kama gwaride na lafudhi ya Kusini mwa Marekani vimetapakaa mpaka kwa watu wasio wa Kusini. Wayne mwaka huo ametoa "Dedication 2", wanaofuatilia mikstepu wameshamwona, redio bado. Mimi 2006 nampa T.I. bila kusita, na 2007 naichukua mikononi mwake nampa Wayne.