Ushauri: ekzosi ndefu ya injini ya petroli 6.5 HP, moshi utoke nje ya banda

Mfugaji_Rungwe
Wakuu habari za jioni. Nina mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, inaendeshwa na injini ya petroli 6.5 HP, hizi za Kichina zilizoiga Honda GX200. Ipo ndani ya banda maana mvua za huku Rungwe mnazijua, na nikiiacha nje sitaikuta asubuhi. Moshi unajaa hadi macho yanawasha, na kelele zinawatibua ng'ombe wakati wa kukamua. Nataka ning'oe silensa, nichomelee bomba la maji la nusu inchi, mita tatu hivi, lipite kwenye ukuta wa mbao. Bomba ninalo. Fundi wa mtaani anasema ni kazi ya nusu saa. Mnasemaje?

Baba_Neema
Hamia kwenye mota ya umeme, uachane na moshi.

Mfugaji_Rungwe
Umeme ungekuwa umefika bandani ningekuwa nauliza hapa kweli?

Mzee_wa_Grinda
Mkuu, huyo fundi asubiri kwanza. Nusu inchi ni jela. Tundu la moshi la injini hiyo linakaribia inchi moja. Ukilibana, injini inachemka, nguvu inapungua, ukijaza majani inazima. Kwa mita tatu mimi ningeweka inchi moja na nusu, na kona ziwe za kupinda taratibu.

Silensa usiitupe. Ukiweka bomba tupu, ng'ombe watavunja banda. Iache, bomba lianzie baada yake.

Kubwa zaidi ni uzito. Injini inatetemeka, ukuta umetulia. Ukiunga moja kwa moja, stadi zile mbili za milimita 8 (boliti zinazoshika silensa kwenye injini) zitakatika, au zing'oke na nyuzi za skrubu za silinda hedi, yaani kichwa cha injini, ambacho ni alumini. Weka kipande cha fleksibo, yaani bomba linalopindika, kile cha ekzosi za magari, halafu bomba lote lililobaki libebwe na vyuma vilivyofungwa ukutani.

Mama_Maziwa
Dada yenu naomba niongeze. Moshi unaowasha macho angalau unakukimbiza. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na ndiyo inayoua. Mpaka kazi iishe, fungua milango yote, na mtu akianza kuumwa kichwa atoke nje hapo hapo.

Mfugaji_Rungwe
Asante dada. Mzee wa Grinda, nikipata inchi moja na nusu ya bomba la maji lililopakwa zinki, nichomelee tu?

Mzee_wa_Grinda
Tafuta bomba jeusi, lisilopakwa zinki. Zinki ikiungua inatoa moshi mweupe, na jioni fundi anatetemeka kwa homa kama ana malaria. Wenzetu wanakunywa maziwa wakidhani ni dawa. Wewe unayo ya kutosha ila hayasaidii. Ukikosa jeusi, saga zinki yote sehemu ya kuunga na uchomelee mahali pa wazi.

Usichomelee silensa ikiwa juu ya injini, tangi la petroli liko pembeni yake kabisa. Ifungue, ipeleke mbali, ukirudisha weka gasketi mpya. Flenji (bamba la silensa linalokaa juu ya gasketi) ikipinda kwa joto, ilaze kwenye kioo uone inapocheza, kisha ipige tupa hadi ikae sawa. Ukiona masizi meusi kuzunguka gasketi, inavuja.

Kijana_wa_Mbozi
Mbao je? Bomba likigusa mbao si moto huo?

Mzee_wa_Grinda
Swali zuri. Kata tundu kubwa ukutani, ziba kwa bati, bomba lipite katikati ya bati bila kugusa mbao. Na lisibanwe hapo: mita moja ya chuma ikipanda joto nyuzi 300 inarefuka karibu milimita 3.5. Majani makavu yakae mbali nalo.

Nje, mdomo uangalie chini, na bomba liinamie nje tangu linapotoka ukutani. Huko kwenu mvua ikiingia, maji yatarudi hadi kwenye valvu injini ikiwa imezimwa. Toboa tundu la milimita 4 sehemu ya chini kabisa, upande wa nje, maji yachuruzike.

Mfugaji_Rungwe
Nimeelewa. Ukuta wa karibu unatazama dirisha la jikoni, ule mwingine unatazama shamba la migomba, ila bomba litaongezeka mita moja.

Mama_Maziwa
Peleka migombani kaka. Hiyo mita moja inunue.