Mama ni mwembamba, mbona saratani ya ovari imekimbilia kwenye mafuta?

BintiMkubwa: Habari zenu. Mama yangu kafanyiwa upasuaji wa saratani ya ovari wiki tatu zilizopita. Mbali na ovari na kizazi, daktari katoa pia shuka la mafuta lililo mbele ya utumbo, akasema limejaa vivimbe. Mama hana hata kitambi. Imekuwaje saratani ikaenda huko? Silali, nawaza labda ni chakula nilichokuwa nampikia.

Mkata_Tishu: Pole sana dada, Mungu amjalie mama nafuu. Hilo la chakula litoe moyoni. Shuka hilo, omentamu, kila mtu analo, mnene kwa mwembamba.

Nafanya kazi maabara ya patholojia, tunakochunguza tishu zilizotolewa kwa wagonjwa. Omentamu isiyo na ugonjwa ni laini, ya njano, inateleza vidoleni. Naikata vipande vyembamba, kila kimoja nakipapasa, maana saratani changa kidole huigundua kabla ya jicho: kipunje kigumu, kama mchanga ndani ya siagi. Iliyoshambuliwa sana huwa bamba gumu zima.

Seli za saratani ya ovari mara nyingi hazisubiri mishipa ya damu. Hubanduka, zikaelea kwa vishada kwenye majimaji ya tumboni, kisha zikatua. Omentamu ina vituo vidogo vya seli za kinga vinavyochuja majimaji hayo, na hapo ndipo nyingi hunasa. Majirani wanaozipokea ni seli za mafuta. Kundi la Ernst Lengyel, Chuo Kikuu cha Chicago, lilionyesha mwaka 2011 kwamba seli za mafuta hutoa kemikali zinazoivuta saratani, kisha saratani huyachukua mafuta yao ikayafanya chakula.

Kwenye darubini seli ya mafuta huonekana kama tundu jeupe, kwa kuwa mafuta yenyewe huyeyuka tunapoandaa slaidi. Nikisogeza slaidi kuelekea saratani, matundu yanazidi kusinyaa, mwisho nakuta nyuzinyuzi tupu. Nyuzi hizo zimefumwa na seli za mama mwenyewe, fibroblasti, zile zile zinazoziba kidonda. Hilo huniuma kila nikiliona.

BintiMkubwa: Asante ndugu yangu, umenitua mzigo. Sasa kwa kuwa shuka limetolewa, saratani haina tena pa kukaa?

Mkata_Tishu: Hapana dada, sitakuficha. Utando unaofunika tumbo lote kwa ndani, hadi chini ya kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, nao hupokea seli hizo. Nyingine ni ndogo mno kuonekana wakati wa upasuaji, ndiyo maana wengi huendelea na tibakemikali. Wamempangia?

BintiMkubwa: Anaanza Jumatatu.

Nesi_wa_Zamu: Dada, siku hiyo muulize daktari swali moja: baada ya upasuaji kuna uvimbe wowote uliobaki, na kama upo, una ukubwa gani? Jibu hilo lina uzito mkubwa kwenye matibabu yake. Omba na nakala ya ripoti ya patholojia, uiweke kwenye faili lake.

BintiMkubwa: Nimeandika yote. Nitarudi hapa Jumatatu jioni.