Blasti (seli changa za saratani ya damu) zenye kiini kama karanga mbili: ni lukemia ya monosaiti (M5) au ya promielosaiti (M3)? Naombeni ushauri

Zamu ya usiku:
Wakuu wa maabara, habari za saa hizi. Niko peke yangu, hospitali ya wilaya. Kuna binti wa miaka 23, fizi zinavuja siku ya nne, damu imevilia mapajani. Chembe nyeupe elfu 68, sahani (chembe za kugandisha damu) elfu 14, hemoglobini 6.8. Nimepaka slaidi, rangi ya Leishman: blasti tupu, kiini kimeminywa katikati kama karanga mbili ndani ya ganda moja. Punje ndani ya seli sizioni. Mwenzangu wa mchana ameandika monosaiti, M5. Moyo wangu unakataa. Sampuli ya flosaitometri (kipimo cha kutambua aina ya seli) itasafirishwa Jumatatu. Nitoe majibu hayo hayo?

Mafuta x100:
Usiyatoe, mdogo wangu. Hiyo inanukia M3 ile ya punje ndogo. Punje zimo, ila ni ndogo mno, darubini zetu hazizifikii. M3 ya kawaida huja na chembe nyeupe chache. Hii huja nazo nyingi, ndiyo maana inatupiga chenga. Pita ukingoni na mkiani mwa slaidi polepole, tafuta hata seli moja yenye vijiti vya Auer (vijiti vyembamba ndani ya blasti) vilivyorundikana kama mzigo wa kuni. Una rangi ya Sudan Black? M3 inaishika kwa nguvu, monosaiti hupauka au isishike kabisa.

Mzee wa slaidi:
Na PT (muda wa damu kuganda) pima sasa hivi, fibrinojeni (protini ya kugandisha damu) pia kama unayo. Mimi niliwahi kukaa na slaidi kama hiyo hadi asubuhi nikimsubiri mkubwa wangu. Kijana alivuja damu kichwani kabla hata ya kuanza dawa. Bado namkumbuka.

Daktari wa damu:
Andika "nashuku M3" na upige simu. Neno hilo latosha kuanza ATRA, dawa ya M3; kipimo cha PML-RARA, jeni ya M3, huja baadaye kuthibitisha, na ikionekana siyo, tunaiacha. Sahani zipandishwe zifike elfu 30 hadi 50, na asichomwe sindano ya uti wa mgongo. Tangu Shanghai walipoanza kutumia dawa hii mwaka 1985, wengi wanapona. Wanaotuponyoka ni wa siku hizi za mwanzo.

Zamu ya usiku:
Nimerudi. PT sekunde 22, kontroli 12. Mkiani nimekuta seli tatu za mzigo wa kuni. Moja nimeihesabu vijiti saba. Daktari wa zamu amekuja kuchungulia mwenyewe. Gari la rufaa linawashwa, slaidi nimempa nesi aishike mkononi.