Naomba ushauri: binti yangu anataka kutafuta visukuku kama Mary Leakey

Habari zenu ndugu zangu. Binti yangu yuko kidato cha nne. Mwaka jana nilimpeleka Bonde la Oldupai, kule Ngorongoro, na tangu siku ile hana hadithi nyingine ila Mary Leakey, yule mtafiti wa visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe.

Namwelewa. Mama yule hakuwa na shahada, alianzia kwenye kuchora zana za mawe. Julai 1959 mumewe, Louis, alikuwa kambini anaumwa. Mary akatoka na mbwa wake, akaona mfupa umechomoza kwenye mteremko. Likawa fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lenye umri wa miaka karibu milioni 1.75. Kisha huko Laetoli, si mbali na Oldupai, mwaka 1978, timu yake ikafukua nyayo za viumbe waliotembea wima juu ya majivu ya volkano miaka milioni 3.6 iliyopita. Binti alisimama kimya mbele ya nakala za nyayo zile, hadi nikamshika mkono tuondoke.

Sasa baba zake wadogo wanasema hiyo si kazi ya mtoto wa kike, asome uhasibu. Mimi sitaki kumvunja moyo, lakini sina mtu wa kumuuliza.

Akifaulu, achukue CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia) au HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza)? Najua Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanafundisha akiolojia, ila yeye anapenda mifupa kuliko vyungu. Na je, kuna waliowahi kufanya vibarua vya uchimbaji kule Ngorongoro? Msichana wa miaka 17 anaweza kupokelewa likizo, hata kwa kuchekecha udongo tu?